Faini Haimfikishi Mama Zahanati



Katika vijiji vingine vya nchi yetu kuna sheria ndogo. Sheria hiyo inasema kwamba mama akizaa nyumbani atalipa faini. Mahali pengine faini hulipwa ofisi ya kijiji. Mahali pengine mama huambiwa alipe kwanza, ndipo mtoto apewe kadi ya kliniki.

Waliotunga sheria hii walikuwa na nia njema. Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Nami nataka kila mama azae mbele ya mkunga aliyesomea kazi hiyo. Lakini faini siiungi mkono. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitasema tufanye nini badala yake.

Mama aliyezaa nyumbani ndiye anayehitaji zahanati kuliko wote. Huenda amechanika. Huenda kipande cha kondo la nyuma kimebaki tumboni. Mtoto wake hajapata chanjo ya kifua kikuu wala matone ya polio. Huyu anapaswa kuletwa siku ileile. Lakini akikumbuka faini, anajificha. Anakuja baada ya mwezi mmoja, au haji kabisa. Basi tumemwadhibu mama, na adhabu imempata mtoto.

Tena tujiulize: ni nani aliyeamua mama huyu azalie nyumbani? Mara nyingi hakuna aliyeamua. Uchungu ulianza usiku. Mwenye mji alikuwa mnadani au machungani. Fedha zilikuwa kwake. Mama mkwe akasema tungoje kupambazuke. Kulipopambazuka, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa. Huko si kukataa zahanati. Ni kukosa mpango.

MIMBA YA JULAI

Sisi watu wa Simiyu tunalima pamba kuliko mkoa mwingine wowote. Kwa hiyo fedha zetu zina majira yake. Tunapanda mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Tunauza kuanzia Mei au Juni. Mwezi wa Julai nyumba ina fedha. Watu wananunua ng'ombe, wanaezeka mabati, wanaoa.

Sasa hesabuni kwa vidole. Mimba iliyoingia Julai huzaliwa lini? Huzaliwa Aprili. Aprili mvua ni nyingi. Mito inayokauka kiangazi imejaa maji, na bodaboda haivuki. Mto Simiyu na Mto Duma hazichezewi wakati huo. Fedha za pamba ya mwaka jana zimekwisha. Pamba ya mwaka huu bado iko shambani. Mama anazaa katika mwezi ambao njia ni mbaya na mfuko ni mtupu.

Jambo hili tunalijua miezi tisa kabla. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute mbegu. Kwa nini basi tungoje uchungu uanze ndipo tutafute nauli?

Maoni yangu ni haya. Mimba ikijulikana, nyumba iteue mbuzi mmoja aitwe mbuzi wa mtoto. Asiuzwe kwa ajili ya sare wala harusi. Mimba ikifika mwezi wa saba auzwe, na fedha apewe mama azitunze mwenyewe. Nasema apewe mama. Fedha zikikaa mfukoni mwa baba, na baba yuko mnadani, hazimsaidii mtu. Wazee wengine hawapendi nikisema hivi. Husema, "Kijana huyu hajajenga hata mji, atatufundisha nini?" Ni kweli sijajenga. Lakini usiku wagonjwa wakibisha, mlango wanaobisha ni wangu.

Wasio na mbuzi wana kuku. Wasio na kuku waweke kidogo kidogo kila wiki.

Serikali imesema huduma za mama mjamzito ni bure. Hata hivyo kila mama anajua kwamba safari ina gharama. Kuna nauli, chakula cha anayemsindikiza, na vifaa ambavyo pengine zahanati imeishiwa. Si vizuri kuwaficha watu jambo hili. Ulizeni zahanati yenu mapema: mna nini, nasi tulete nini? Mhudumu asiyejibu swali hilo aulizwe kwenye mkutano wa kijiji.

MANENO YASEMWE MCHANA

Kuna baba mmoja alimleta mkewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, usiku wa mvua. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi ya jana yake. Nilimwuliza kwa nini wamechelewa. Alinijibu, "Hapakuwa na wa kusema twende." Nyumba ile ilikuwa na watu wazima sita. Mama tulimpeleka hospitali akapasuliwa, akapona. Mtoto hakupona.

Kwa hiyo maneno yasemwe mchana, mimba ikiwa ya miezi saba, watu wote wakiwa wamekaa. Mwenye mji aseme mbele ya mama yake na mbele ya mkewe: "Uchungu ukianza, msinisubiri. Nendeni." Maneno hayo machache ni ruhusa. Bila ruhusa hiyo mama mkwe anaogopa kuamua, na mke anaogopa kuomba.

Siku hiyohiyo msemezane atazalia wapi. Mimba ya kwanza, mapacha, mama aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutokwa damu nyingi, au aliyekwisha zaa mara nyingi, hawa wasipange kuzalia hata zahanati. Zahanati haina chumba cha upasuaji, wala haiongezi damu. Hawa waende hospitali, au kituo cha afya chenye upasuaji. Kama wana ndugu karibu na hospitali, wahamie kwake wiki mbili au tatu kabla. Afuatane na mtu mmoja wa kumpikia. Pia watafutwe ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Nani atasindikiza? Mimi nasema mkunga wa jadi. Wengine wanamdharau siku hizi. Hiyo si haki. Mama anamwamini, na yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Akija naye, nampa kiti karibu na kitanda. Nimwombalo ni moja tu: asimpe mama dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu. Dawa hiyo haina kipimo. Inaweza kupasua mfuko wa uzazi, na mama akafa pamoja na mtoto.

Na usafiri? Mwenye bodaboda aambiwe mapema, na wa pili awepo kama wa kwanza hapatikani. Nambari zao ziandikwe ukutani kwa mkaa, si kwenye simu pekee, maana simu huzimika. Andikeni na nambari 115. Hiyo ni ya mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama. Mfumo huu ulianza kwa majaribio huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua uenee nchi nzima. Kupiga 115 ni bure. Anayepokea huuliza mama ana nini na yuko wapi. Kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama gari halipo karibu, humwita dereva wa kijamii aliyeandikishwa, na mama hatozwi nauli. Nambari hii ni ya dharura ya mama na ya mtoto mchanga.

KWA NINI TUHARAKISHE

Baadhi ya watu huniambia: bibi zetu walizaa nyumbani, na sisi tupo. Ni kweli, sisi tupo. Wale waliokufa hawako hapa kubishana nasi.

Wengine wamesikia kwamba hata Ulaya wanawake huzalia nyumbani. Hilo nalo ni kweli. Huko Uholanzi wako wanaozalia nyumbani. Lakini mama huyo amepimwa na kuonekana hana tatizo. Anakaa na mkunga aliyesomea, mwenye sindano na vifaa. Gari likiitwa linafika upesi, na hospitali si mbali. Kama sisi tungekuwa na hayo yote, nisingeandika makala hii.

Kinachoua haraka ni damu. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, anaweza kufa ndani ya saa mbili. Zahanati mama huchomwa sindano mara tu mtoto anapotoka, ili mfuko wa uzazi ukaze. Nyumbani sindano hiyo haipo.

Taifa letu limepiga hatua. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi. Utafiti wa 2022 ulikadiria akina mama 104. Katika muda huohuo, watoto waliozaliwa kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Basi akina mama wengi wamekwisha kubali. Waliobaki si wakaidi. Wengi wako mbali, na hawana fedha. Faini itawaongezea nini?

Mama yeyote mwenye dalili hizi asingoje siku yake: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kutoka bila uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Apelekwe saa hiyohiyo. Degedege la mjamzito si mashetani. Ni ugonjwa unaotokana na mimba, na una dawa.

MFUKO WA MTOTO

Mfuko ufungwe mwezi wa nane na utundikwe panapoonekana. Ndani ziwemo khanga au vitenge vinne vilivyofuliwa na kuanikwa juani, kofia na soksi za mtoto, sabuni, nyembe mpya mbili ambazo hazijafunguliwa, uzi safi wa kufunga kitovu, glovu, na karatasi ya nailoni ya kutandika. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa. Msisahau tochi.

Wako wanaosema kumnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa ni kumwita mkosi. Basi zifueni khanga za mama. Khanga za mama hazina mkosi.

Mama naye ale vizuri. Maharage, dagaa, mlenda, maziwa, na mayai ambayo wengine huwanyima wajawazito bila sababu. Michembe ni mizuri, lakini haitoshi peke yake. Tena asibebe maji ndoo mbili mbili mwezi wa tisa. Baba ana baiskeli.

Mtoto akija ghafla nyumbani au njiani, msikimbie. Noweni mikono kwa sabuni. Mpangusheni mtoto akauke, kisha mlazeni juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na mwafunike wote wawili. Kama wembe mpya na uzi safi upo, fungeni kitovu mahali pawili na mkate katikati. Kama haupo, msikate. Mtoto na kondo waende pamoja hadi zahanati. Msivute kitovu ili kutoa kondo. Kondo lisipotoka kwa nusu saa, hiyo ni dharura. Anyonye mara moja. Maziwa ya kwanza ya njano, yaani dang'a, si machafu. Ni kinga yake ya kwanza.

Kitovu kisipakwe kitu. Si majivu, si samadi, si mafuta ya gari. Kiachwe kikavu na safi. Uchafu wa kitovu ndio huleta pepopunda, na mtoto hukakamaa hadi akafa. Mtoto asioshwe siku ya kwanza, maana baridi humwua upesi. Akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto sana, au akipumua kwa shida, mleteni bila kungoja. Mama na mtoto waliozalia nyumbani waletwe siku hiyohiyo hata kama wanaonekana wazima. Kwangu hawatagombezwa.

CHAMA CHA KUZAANA

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa chini ya miti na redio, wakasikiliza vipindi vya Mtu ni Afya. Walipomaliza kusikiliza walichimba vyoo. Hawakutozwa faini kwanza. Walielewa, wakafanya pamoja.

Leo vijiji vyetu vingi vina vikundi vya kufa na kuzikana. Mtu akifa, jioni hiyohiyo michango imepatikana, sufuria zimefika, mahindi yamefika, kijana wa kupeleka taarifa amepatikana. Ni jambo zuri. Lakini mtu anayekuja duniani hatumchangii nauli. Kikundi kilekile, chenye daftari lilelile na mweka hazina yuleyule, kinaweza kufungua ukurasa mwingine. Kila nyumba itoe kidogo baada ya kuuza pamba. Mama akifika mwezi wa saba, jina lake liandikwe. Akianza uchungu, mweka hazina atoe nauli bila kikao. Familia irudishe baada ya mavuno.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao, mtu asimame aulize mambo mawili. Kwanza, faini ya kuzaa nyumbani imeingiza shilingi ngapi, na shilingi hizo zimempeleka mama gani zahanati? Pili, ni akina mama wangapi kijijini watajifungua kati ya Machi na Mei, na kila mmoja amepangiwa usafiri wa nani? Mwenyekiti wa kitongoji akiwa hana orodha hiyo, aje zahanati. Tutaiandika pamoja.