Gamba la Kobe Si Ubao wa Kuandikia

Twafundisha shuleni kwamba gamba la kobe ni ngao yake. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Gamba hilo ni mfupa hai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, ukafunikwa kwa tabaka gumu mfano wa ukucha. Huhisi likiguswa, na likivunjika hutoka damu. Ndiyo sababu napinga tabia ya kulipaka rangi au kulitoboa ili kobe afungwe kamba.

Kobe mchanga ndiye aumiaye zaidi, maana gamba lake bado ni laini. Ahitaji jua, ambalo humpa vitamini D ya kumwezesha kutumia kalsiamu iliyomo chakulani, pamoja na kivuli cha kujisitiri. Apewe nyasi na majani, si mkate wala ugali. Awekewe maji katika chombo cha kina kifupi, kwani ukavu huchangia gamba kuota vinundu.

Hata hivyo, kobe wa porini na aachwe porini. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yamtaka mfugaji awe na kibali. Shule isiyoweza kutimiza haya haifundishi sayansi bali ukatili.