Heshima ya Mwenye Kumaliza

Wako watu wadhanio kwamba sifa ya kazi ni ya aliyeianza, na kwamba aitwaye mwishoni ni mtu wa kuziba pengo tu. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Mjapani mmoja, Yutaka Enatsu, mrushaji wa mpira wa besiboli.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na afahamu haya machache. Timu moja hurusha na nyingine hupiga, kwa kupokezana, na kila timu hupata zamu 9 za kupiga. Wapigaji 3 wakitolewa, zamu imekwisha. Mpigaji hupata pointi kwa kuvizunguka vituo 3 na kurudi nyumbani salama.

Enatsu, mtu wa mkono wa kushoto, alianza na Hanshin Tigers mwaka 1967. Mwaka 1968 aliwatoa wapigaji 401 kwa mitupo yake peke yake, rekodi ambayo haijavunjwa Japani hadi leo. Mwaka 1971, katika mchezo wa nyota wa ligi mbili, aliwatoa 9 mfululizo. Nani asingelewa sifa hizo?

Lakini mwili ni amana. Mkono ukaanza kumuuma, na mwaka 1976 akahamishiwa Nankai Hawks. Huko meneja Katsuya Nomura, ambaye naye alikuwa bado mchezaji, alimshauri aache kuanzisha michezo, awe wa kuingia mwishoni tu. Enatsu alikataa, kwani siku hizo mrushaji wa akiba alihesabiwa mtu aliyeshindwa. Nomura akashikilia kwamba hayo ni mapinduzi, naye Enatsu ndiye wa kuyaongoza. Mwaka 1977 akakubali.

Matunda yake yalionekana tarehe 4 Novemba, 1979, mjini Osaka. Wakati huo alikuwa na Hiroshima Toyo Carp, na ilikuwa fainali ya 7, ya kukata shauri, dhidi ya Kintetsu. Hiroshima waliongoza 4 kwa 3. Katika zamu ya mwisho Kintetsu walijaza vituo vyote 3, wala hapana hata mmoja aliyetolewa. Meneja wake akaanza kuwapasha moto warushaji wengine, jambo lililomchoma Enatsu moyoni. Mwenzake Sachio Kinugasa akamwendea kumliwaza.

Mpigaji wa kwanza akatolewa. Wa pili akajaribu kuugusa mpira kidogo tu, ili aliye kituo cha 3 apate kukimbilia nyumbani. Enatsu akautupa mbali naye. Fimbo ikakosa, na mkimbiaji akanaswa njiani. Kisha mpigaji yule yule naye akatolewa. Hiroshima wakawa mabingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Zamu hiyo ilichukua mitupo 21, na hata leo Wajapani huitaja kwa idadi hiyo.

Wengine walisema mtupo ule ulikuwa bahati. Mwenyewe alishikilia kuwa alikusudia. Mimi naona hata kama bahati ilikuwapo, ilimkuta mtu aliyetulia.

Atasema mtu: huyu alirusha kidogo tu, wenzake ndio waliotoka jasho. Kweli, lakini anayeanza akikosea ana wasaa wa kusahihisha, anayemaliza hana. Enatsu alistaafu Japani na ushindi 206, na michezo 193 aliyoiokoa. Mwaka 1985, akiwa na miaka 36, alijaribu bahati Marekani kwa Milwaukee Brewers, asichukuliwe. Hilo halipunguzi kitu.

Basi enyi mnaosimamia watu, msimtupe fundi kwa kuwa hawezi tena kubeba siku nzima. Mtafutieni saa yake. Nawe uliyepewa saa hiyo, usiione ndogo: huenda ndiyo watakayokukumbukia.