STAA KAVUTA RX-8 YA 2004, SASA MADOGO NAO WANAITAKA!

Staa mmoja wa Bongo Fleva kavuta Mazda RX-8 ya mwaka 2004, mtandaoni ni makofi tu. Sasa kuna dogo mmoja wa Sinza anataka kuvunja kibubu naye aivute, eti injini ni cc 1,300 tu, itakunywa mafuta kama Vitz. Anajidanganya!

Injini ile haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka. Imeundwa kula oili kidogo kidogo ili kulainisha sili za rota. Ukisahau kuongeza, sili zinalika, kompresheni inashuka, na gari likishapata moto ukalizima, kuwaka tena ni shughuli. Hapo ni kufungua injini, na si kila fundi wa mtaani anaiweza. Mafuta nayo inabugia haswa.

Ndinga kali? Ndiyo. Inakimbia, milango inafunguka kama ya kabati. Lakini anayeitaka apime kwanza kompresheni injini ikiwa ya moto, na abakize hela ya injini nyingine. Hana? Aachane nayo.

Ya staa ikizima, anapanda nyingine. Ya dogo ikizima, anapanda mwendokasi.