Mama Mzazi Si wa Kukemewa

Tunasema wazi: muuguzi anayemkemea mama aliyetoka kujifungua hakutimiza kazi yake, hata kama mikono yake ina ustadi.

Katika materniti zetu za Bukavu, zile za Kanisa zikiwemo, mara nyingi mama hupewa maagizo kwa haraka, Kifaransa kikichanganywa humo, naye yuko mlangoni na mtoto mikononi. Anaitikia ndiyo kwa woga, si kwa kuelewa, kwa maana jana aliuliza katika uchungu akafokewa. Akifika nyumbani, damu ikazidi, homa ikampanda au mtoto akakataa kunyonya, atasita kurudi kwa yule aliyemdharau. Kusita huko huua.

Tutajibiwa kwamba wauguzi ni wachache, na wengi hawapati mshahara wa serikali. Ni kweli, na dhuluma hiyo tunailaani pia. Lakini siye mama aliyeileta. Kwa nini alipe yeye? Tena kufoka huchukua dakika zile zile za kueleza.

Basi tunadai mambo matatu. Mama aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Mashi. Aombwe kurudia dalili za hatari kwa maneno yake mwenyewe, ijulikane kama ameelewa. Aambiwe lini arudi: siku ya 3, juma la 2, juma la 6, na mara moja aonapo hatari.

Nasi tulio katika kamati za afya tuyaulize haya kila tukutanapo na wauguzi. Tukinyamaza, tumeshiriki kosa.