Bana Magoti, Usiguse Gurudumu

Hapa Woodley ndege za Wilson tunazisikia kila siku, kwa hivyo msituambie habari za ndege ni za mabwanyenye. Tangu Jambojet ianze mwaka 2014, hata msee wa bedsitter anaweza kuenda Mombasa kwa ndege. Poa. Ninyime chai, nilipishe begi, nibane magoti. Hiyo ni biashara.

Lakini kuna watu wanatetea kila kitu kwa sentensi moja: "Ulilipa kidogo, ulitaka nini?" Nilitaka kufika, boss.

Oktoba 2019, ndege ya Silverstone Air iliacha njia ya kurukia pale Wilson. Mwezi huo huo, nyingine ya kampuni hiyo ikadondosha gurudumu ikipaa kutoka Lodwar. KCAA ikasimamisha Dash 8 zao Novemba. Mkaguzi anayefika baada ya gurudumu kuanguka ni shahidi tu, si mkaguzi.

Michuki mwaka 2004 hakuuliza nauli ni ngapi. Mathree ya mbao na ya soo zote ziliambiwa zifunge mikanda. Bei iliachiwa soko, usalama ukabaki kwa sheria.

Angani tudai hivyo hivyo. Ukinunua tiketi unaonyeshwa bei ya begi na ya kiti. Huonyeshwi ndege ilikaguliwa lini na ikapatikana na nini. KCAA iweke hayo wazi, kampuni kwa kampuni. Chai nitakunywa nikifika.