Maonyesho ya Sanaa si Mambo ya Wageni

Miongoni mwa dhana zilizoota mizizi katika mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Mkinga na Tanga mjini hadi Pangani, ni ile inayodai kwamba maonyesho ya sanaa za kisasa ni shughuli ya Wazungu na watalii, na kwamba mtu wa pwani, ambaye sifa yake ni ushairi na taarabu, ni mtu wa sikio wala si mtu wa jicho. Kwa sanaa za kisasa hapa zinakusudiwa kazi za wasanii wa zama hizi, ziwe michoro, sanamu, picha za video au vitu vilivyopangwa katika chumba, ambazo huwekwa hadharani ili zitazamwe na kujadiliwa. Dhana hiyo husemwa na wenyeji kwa kujitenga, na husemwa na wageni kwa kuhurumia, na wapo wasanii wanaoiamini kiasi cha kutowaalika majirani zao wenyewe. Ni dhana potofu, na imewanyima watu wa Tanga kitu kilicho chao.

Ushahidi wa kuikanusha unapatikana karibu, katika milima ya Usambara na nchi ya Wazigua na Wanguu. Mwaka 1956 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumiwa katika jando na unyago, vikiwemo vya Wasambaa, Wazigua na jirani zao. Vinyago hivyo vilikuwa na sura za watu, wanyama na vyombo vya nyumbani, na viliambatana na nyimbo. Mwari hakuonyeshwa kinyago ili akisifu kwa uzuri wake, bali ili afumbuliwe fumbo lake: kinyago kilitolewa, wimbo ukaimbwa, na maana iliyofichwa ndani yake ikaelezwa, ikigusa ndoa, uzazi na heshima kwa wakubwa. Hapo palikuwa na kazi za sanaa, utaratibu wa kuzitoa, mtu aliyesimamia na kufafanua, na watazamaji waliotakiwa kufikiri. Mratibu wa maonyesho wa leo, yaani mtaalamu anayechagua kazi, akazipanga ukumbini na kuziandikia maelezo, anafanya jambo ambalo makungwi wa Handeni na Lushoto walilifanya kabla yake, tena wao walilifanya kwa kuimba. Ni kweli kwamba unyago ulikuwa na miiko na haukuwa wazi kwa kila mpita njia, na tofauti hiyo haifai kufichwa. Lakini inahusu nani aliruhusiwa kuingia, haihusu kama wenyeji walijua kutazama.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni ya dini, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba Uislamu, ulioenea pwani kwa karne nyingi, umekataza kuchora viumbe vyenye roho, na kwa hiyo sanaa ya macho haikupata pa kukulia. Katazo hilo linajulikana na wengi wamelishika, lakini halikumfunga fundi mikono, bali lilimwelekeza kwenye ua, mstari, nakshi na hati, kama milango ya zamani ya Pangani inavyoonyesha. Atakayefika Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, ataona makaburi ya mawe ya matumbawe, baadhi yakiwa yamesimamishiwa nguzo, na humo ataona vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, ambazo zimekwisha kubanduliwa. Fundi aliyechukua chombo cha kulia chakula, akakitoa jamvini na kukikandika kaburini ili king'ae juani kwa heshima ya maiti, alifanya uamuzi ambao wasanii wa Ulaya wa karne ya 20 walisifiwa kwao kama wavumbuzi, yaani kukitwaa kitu cha matumizi na kukipa maana mpya kwa kukihamisha mahali pake. Kwa hiyo sanaa za kisasa, zilipoacha kushikilia sura ya mtu na kugeukia vitu, nguo, sauti na maandishi, zilikaribia desturi ya pwani kuliko zilivyoiacha. Wenye hoja ya dini wanapinga aina moja tu ya sanaa, ambayo maonyesho ya leo hayaitegemei.

Kanga inathibitisha hayo kila siku. Mtu anayedai kwamba watu wa pwani hawana jicho hajapata kuwatazama wanawake wa Ngamiani dukani wakiitandaza doti, wakiupima mji dhidi ya pindo, na kulisoma jina kwa sauti ya chini kabla ya kuamua itavaliwa mbele ya nani. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, ameitumia kanga, kwa rangi zake na maneno yake, kama msingi wa kazi nyingi, na mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa nchini humo. Majumba ya sanaa ya London yamekubali kwamba kanga ni lugha ya sanaa, ilhali mjini Tanga bado inadhaniwa ni nguo tu.

Dhana hii haikuzuka bure. Chanzo chake ni soko. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuja Tanga katika miaka ya 1950 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora juu ya mbao laini za bei nafuu kwa rangi za kung'aa. Wanunuzi wake walikuwa hasa wageni waliokaa Oysterbay, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wafuasi wake waliendelea kuwauzia wageni. Baadaye kumbi za vituo vya utamaduni vya nchi za Ulaya ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya maonyesho jijini humo. Wananchi waliona nani ananunua na nani anafungua mlango, wakahitimisha kwamba sanaa yenyewe ni ya mwenye fedha na mwenye ukumbi. Ni kosa la kuchanganya mnunuzi na mwenye mali.

Matokeo ya kosa hilo yanauma. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kimewahi kuwa kiini cha maonyesho katika makumbusho ya MARKK mjini Hamburg, yaliyopewa jina la Kiswahili, Kukita na Kung'oa. Mwaka 2024 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake katika Bienale ya Venice, yaani maonyesho makubwa ya kimataifa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Mambo yanayoihusu Muheza hutazamwa Hamburg, na jina la taifa hupeperushwa Italia, huku mwanafunzi wa Muheza akimaliza shule bila kusimama mbele ya kazi hata moja ya msanii wa nchi yake aliye hai. Anayesema kwamba watu wenye shida za maisha hawahitaji anasa hiyo ajiulize ni kwa nini watu hao hao huchangishana fedha kwa ajili ya ngoma na taarabu.

Jiji la Tanga lina Boma la zamani la Kijerumani, lina kumbi za shule, na lina viwanja ambavyo hufurika watu wakati wa harusi. Halmashauri na ifungue mojawapo ya majengo hayo kwa maonyesho ya kila mwaka, maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili, na wasanii wa Pangani, Korogwe na Lushoto waalikwe kwanza. Makumbusho ya Taifa, yanayohifadhi vinyago alivyokusanya Cory, yaviazime kwa Tanga vile ambavyo wazee wataridhia vionyeshwe hadharani, viwekwe pamoja na kazi za wachoraji na wafinyanzi walio hai, na wanawake wanaozijua bado nyimbo zake walipwe kuja kuzieleza.