Kabla ya Kumwita Mhuni, Tuulize Amefanya Nini

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa saruji nje ya jengo moja kubwa jijini Dar es Salaam, nikimsubiri mjukuu wangu amalize shughuli zake ndani. Mbele yangu palikuwa na uwanja uliosakafiwa vizuri, na vijana wanne walikuwa wakicheza juu ya ule ubao mfupi wenye magurudumu manne, ambao wenyewe huuita skeitibodi. Walikuwa wakiruka, wakianguka, wakiinuka na kuchekana. Hapakuwa na mtu mwingine karibu nao ila mimi. Akaja mlinzi, rungu mkononi, akaunyakua ubao wa yule mdogo kuliko wote na kuwaamuru waondoke.

"Wamekosa nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Shikamoo, mzee. Hawa ni wahuni tu."

Nilipomsihi anieleze zaidi, alikiri kwamba hakuwaona wakivunja kitu. Akaniambia pia jambo ambalo sikulitarajia: jiwe la ngazi likimeguka katika zamu yake, gharama hukatwa kwenye mshahara wake. Mwishowe aliurudisha ubao, na vijana wakaenda zao bila kujibu neno. Mimi nikabaki na lile neno moja, "wahuni", likinikereketa kama mchanga jichoni.

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, hebu tulitazame neno hilo kama tunavyotazama neno katika shairi. Tukimwita mtu mwizi, tumedai kwamba ameiba, nasi tunawajibika kuonyesha kilichoibwa. Tukimwita mvunjaji, lazima kiwepo kilichovunjwa. Je, mhuni amefanya nini? Ukimuuliza anayelitamka, atakutajia kofia iliyogeuzwa nyuma, nywele zilizosokotwa, suruali iliyochanika magotini. Hatakutajia tendo. Neno hilo hutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, na aliyepewa hana namna ya kujitetea, kwa kuwa hakushtakiwa kwa jambo lolote.

Nalijua neno hili kutoka upande wa mwenye rungu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili nilimkuta mara mbili kituo cha mabasi saa za masomo. Mwisho wa muhula, katika nafasi ya tabia kwenye ripoti yake, niliandika neno moja tu: "Mzururaji." Baba yake alilisoma mbele yangu, akaikunja karatasi, wakaondoka. Muhula uliofuata kijana hakurudi. Hadi leo sijui alikuwa akifanya nini pale kituoni, kwa sababu sikumuuliza.

Ugomvi niliouona Dar es Salaam si wa kwetu peke yetu. Mchezo wa ubao wa magurudumu ulizaliwa Marekani, na huko ndiko ulikokomaa ugomvi wake na walinzi. Katikati ya jiji la Philadelphia upo uwanja uliofunguliwa mwaka 1965, maarufu kwa sanamu ya msanii Robert Indiana: herufi nne nyekundu zinazounda neno la Kiingereza lenye maana ya pendo. Ngazi na kingo zake za mawe ziliwavutia wacheza ubao kutoka pande nyingi za dunia. Jiji likaupiga mchezo huo marufuku, polisi wakawa wanawakimbiza vijana na kuwatoza faini, chini ya sanamu ya pendo.

Mwaka 2002 alitokea mzee wa miaka 92, Edmund Bacon, aliyewahi kuongoza mipango ya jiji hilo na ambaye wazo la uwanja huo lilikuwa lake tangu ujana wake. Alivaa kofia ngumu, akashikiliwa huku na huku, akapanda ubao hadharani na kuteleza mbele ya waandishi wa habari, akiipinga marufuku ile. Marufuku haikuondolewa siku hiyo. Mimi hata hivyo humkumbuka mzee huyo kila nisikiapo watu wa rika langu wakisema kwamba mambo ya vijana hayatuhusu.

Nisidhaniwe kwamba natetea kila kitu. Ubao ukisuguliwa ukingoni siku baada ya siku, jiwe humeguka kweli. Wachezaji hupaka nta kwenye kingo ili wateleze, na nta huacha madoa. Ubao uliomponyoka mwenyewe unaweza kumwangusha mjamzito au mzee kama mimi. Mwenye jengo ana haki ya kulinda mali yake, na mpita njia ana haki ya kufika salama. Lakini hoja zote hizo zinahusu matendo. Tendo linaweza kupangiwa saa, mahali na mipaka. Mtu aliyekwisha kuitwa mhuni hapangiwi chochote. Yeye hufukuzwa tu.

London ilionyesha kwamba pande mbili zinaweza kusikilizana. Chini ya ukumbi mmoja wa muziki kando ya mto Thames kuna nafasi yenye nguzo na miteremko ya zege, na vijana wameichezea tangu miaka ya 1970, ingawa haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 2013 wasimamizi walitangaza mpango wa kuweka maduka hapo na kuwahamishia wachezaji mahali pengine. Wachezaji hawakurusha mawe. Walikusanya saini, wakaandika pingamizi, wakaeleza historia ya mahali pale. Mwaka 2014 pande zote zilitia saini makubaliano kwamba mchezo utabaki palepale.

Tukirudi nyumbani, tunayo hoja nzito zaidi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, ambazo nchi nyingi za Afrika zilizirithi kwa wakoloni, haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kiini chake ni kwamba sheria hizo humwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilifuta vifungu vya namna hiyo. Niliposoma habari za Arusha, niliikumbuka ile ripoti ya kidato cha pili. Majaji walikuwa wamelikataa neno lilelile nililoliandika kwa wino mwekundu.

Basi ushauri wangu ni huu. Wenye majengo waandike kwenye bango ni tendo gani linalokatazwa na kwa saa zipi, kwa Kiswahili kinachosomeka. Waache kumkata mlinzi mshahara kwa jiwe ambalo hakulivunja, maana hofu yake ndiyo inayolinyanyua rungu. Mlinzi afundishwe kuanza na swali. Vijana nao wampishe mpita njia, na wakiombwa kusubiri, wasubiri. Na sisi tunaojiita walezi wa lugha tulipime neno "mhuni" kabla halijatutoka, kama tunavyopima mizani ya mshororo.

Uzee haunizuii kutunga. Ubeti huu ni wa yule mlinzi, wa wale vijana wanne, na wa mwanafunzi ambaye sikumuuliza:

Uwanja ni wa watoto, na wazee na wageni,
Tendo lipewe uzito, si jina la mdomoni,
Mlinzi shusha ufito, uliza kwanza kwa nini,
Neno likizidi joto, haki huwa mashakani.